Usikutane na Mama

Siku mama yake alipokuja kumtafuta karakanani, shemeji yangu alikuwa ndani ya kabati.

Sisemi nyuma ya kabati, wala chini ya meza ya kazi. Ndani. Lilikuwa kabati la milango mitatu, mninga mtupu, alilounda yeye na kulipaka polishi mimi, na polishi ilikuwa bado mbichi. Alimwona mama yake anavuka barabara, akaitupa randa, akaruka ndani, akavuta mlango kwa vidole. Kwa vidole! Kwenye polishi niliyoihangaikia asubuhi nzima!

"Shikamoo, mama," nikasema, huku nimesimama katikati ya mlango nikijifanya natafuta kitambaa.

"Marahaba, Msasa. Mwenzio yuko wapi?"

Msasa ni mimi. Wanasema nimepewa jina hilo kwa sababu ya kazi yangu ya kulainisha mbao. Dada yangu anasema ni kwa sababu ya ulimi wangu, na mimi sibishani na dada yangu, maana ulimi wenyewe tumegawana. Shemeji yangu, mume wa dada, tunamwita Milimita. Ukimwambia mtu mwingine akukatie ubao wa urefu wa mkono, atakata. Milimita atakuuliza mkono wa nani, na ukiwa umenyooshwa au umekunjwa.

"Ametoka kidogo, mama."

"Baiskeli yake si ile pale?"

"Ametoka kwa miguu."

"Na penseli kaiacha mezani?" Akaichukua penseli akaigeuzageuza. "Mwanangu huyu hata kulala hulala na penseli sikioni."

Mama akavuta kigoda, akakipangusa vumbi la mbao, akaketi akitazamana na kabati uso kwa uso.

"Kesho ndiyo anakwenda kutoa damu?"

"Kesho asubuhi, mama."

"Hatimaye. Nimemsema tangu alipotimiza arobaini. Mbili zimeshapita."

Nilijua anachokikumbuka. Baba yake Milimita aliondolewa na saratani ya tezi dume. Mzee alikuwa akiamka kwenda chooni mara kwa mara, akiulizwa anasema ni chai. Akasema ni chai mpaka siku alipobebwa. Daktari aliyemtibu mwishoni akamwambia mama kwamba wanawe wa kiume wasingoje uzee, waanze kupima mapema. Mwana wa kiume alikuwa mmoja tu, na wakati huo alikuwa anapumua ndani ya mninga.

Mama akainuka. Akalisogelea kabati, akainamisha kichwa, akautazama ukingo wa mlango kwa muda. Hakuugusa.

"Polishi yako leo ina madoa, Msasa," akasema, akaondoka zake.

Mimi! Polishi yangu! Watu wanatoka ng'ambo ya mji kuja kujitazama nyuso kwenye meza zangu kama vioo.

Kabati likafunguka kidogo. "Ameondoka?"

"Toka humo kabla sijalipigilia misumari."

Akatoka jasho likimchuruzika, vumbi limemganda kwenye nyusi. Nikamuuliza ana wazimu wa kuzaliwa au wa kujifunza.

"Ni masharti ya hospitali," akasema. "Nesi ameniambia, siku mbili kabla ya kipimo nisiendeshe baiskeli, na nisikutane na mama."

Hapo nikaelewa kwa nini tangu jana alikuwa akija kazini anasukuma baiskeli kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

"Baiskeli sawa. Mama kwa nini?"

"Nimefikiri sana." Akajifuta uso. "Mama akiniona ananikumbusha baba. Nikimkumbuka baba naingiwa na hofu. Hofu inaingia kwenye damu. Kipimo kinaharibika. Si unaona?"

Niliona. Kusema kweli sikuona kitu, lakini sikuwa tayari kuonekana mjinga mbele ya mtu aliyetoka kabatini sasa hivi. Nikaitikia kwa kichwa kama msomi.

Basi akatimiza masharti yake sawasawa. Akasukuma baiskeli hadi nyumbani, akapita njia ya nyuma asije akakutana na mama sokoni, akala, akalala kwa mkewe. Asubuhi akatoa damu.

*

Wiki iliyofuata Milimita alikata ubao vibaya.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo. Kwake ilikuwa kama jua kuchomoza jikoni. Alipima, akapiga mstari, akakata, na ubao ukapwaya kwenye nafasi yake kama jino la mtoto. Akautazama. Hakutukana, hakucheka. Akaketi juu ya rundo la maranda.

"Sita nukta nane," akasema.

"Mbona nafasi ni ya kumi na tano?"

"Si ubao. Damu." Akatoa simu akanionyesha ujumbe aliotumiwa kuitwa kwa daktari. "Nimepiga kuuliza. Kwa umri wangu wanataka isizidi mbili na nusu. Mimi nina sita nukta nane, shemeji. Imezidi kwa nne nukta tatu."

Ningempigia hesabu ile hata usingizini, lakini nilimwachia. Nilitafuta neno la maana nikalikosa, ndipo nikatoa lililokuwepo.

"Wanaiita tezi dume. Yako imekuwa dume kupita kiasi, basi."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Baba alikuwa na hamsini na tano. Mimi nina arobaini na mbili. Nimemtangulia, Msasa."

Ubao ule ukawa umelala kati yetu. Nje fundi wa kuchomelea alikuwa anapiga chuma, na kila pigo lilimfanya shemeji yangu akunje jicho.

"Dada anajua?"

"Bosi hajui. Na mama asijue kabisa." Bosi ndilo jina analomwita mkewe, tangu uchumba. Hajawahi kumwita mke wangu, wala mama watoto, wala mama fulani. Nyumbani kwao neno mama lina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyemzaa. Ukisema mama pale, hata watoto wanamtazama bibi yao. "Utanisindikiza kwa daktari wewe. Peke yako. Nikienda na Bosi atalia. Nikienda na mama nitalia mimi."

Kisha akainuka kwenda chooni, kwa mara ya nne tangu asubuhi. Nilizoea kumtania kwamba amekodi choo kile. Alikuwa akijibu kwamba ni chai. Siku ile nilifungua mdomo kumtania, nikakumbuka chai ya baba yake, nikaufunga.

*

Daktari alikuwa mtu mzima, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, sauti ya mtu ambaye haharakishwi. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamume aliyepasuliwa katikati, viungo vyake vimepakwa rangi kama ramani. Milimita aliketi ukingoni mwa kiti. Mimi nikaketi pembeni, nimekunja mikono, tayari kugombana na mtu yeyote atakayesema neno baya.

"Kabla hatujaogopa," daktari akasema, "tuanze na maandalizi. Siku mbili kabla ya kipimo ulifuata masharti?"

"Yote, daktari."

"Hukupanda baiskeli?"

"Niliisukuma."

"Uliisukuma? Kwenda wapi?"

"Kazini. Na kurudi."

Daktari akaishusha miwani, akamtazama vizuri. "Haya. Na mama? Hamkukutana?"

"Hapana kabisa. Alinifuata mpaka kazini, nikajificha kabatini."

Kalamu ikasimama. "Mama alikufuata kazini?"

"Ndiyo. Akakaa muda mrefu. Nilikaribia kupiga chafya."

"Akitaka... mkutane?"

"Alitaka kuniuliza habari ya kipimo."

Daktari akageukia upande wangu kama anayeomba msaada. Mimi nikamthibitishia kwa kichwa: ndivyo ilivyokuwa, nilikuwepo.

"Ndugu yangu," akasema polepole, "mama yupi huyo?"

"Mama. Aliyenizaa."

Feni ya darini ilizunguka. Daktari akaiweka kalamu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Na mkeo, je?"

Milimita akanitazama mimi. Nami nikamtazama yule mwanamume wa ukutani, figo zake, kibofu chake, kila kitu chake, kwa bidii ya mwanafunzi wa mtihani. Maana mkewe ni dada yangu. Tumenyonya ziwa moja.

"Shemeji, hebu toka nje kidogo."

"Nimeshachelewa kutoka," nikasema.

"Tulikutana," akasema kwa sauti ndogo.

"Lini?"

"Usiku ule wa kuamkia kipimo."

"Usiku ule tu?"

"Na wa kabla yake. Daktari, nilikuwa na hofu, na Bosi akawa ananifariji, basi..."

"Inatosha!" nikapiga kelele. "Kuna watu humu!"

Daktari alijitahidi, Mungu anamwona. Alibana midomo, akaangalia dirishani, akakohoa. Kisha miwani ikamdondoka, naye akacheka mpaka akashika meza. Alipopata pumzi akamwita nesi. Akaja binti mdogo mwenye adabu, wa wale wanaoita kila mwanamume baba na kila mke mama. Daktari akamuuliza alimwambia nini huyu baba. Binti akainamisha uso.

"Nilimwambia asikutane na mama, daktari. Niliona aibu kusema vingine. Ni mtu mzima."

"Alikuelewa vizuri sana," daktari akasema. "Alikutii neno kwa neno."

Binti akaufunika uso kwa mikono miwili akatoka mbio, na kule ukumbini tukasikia wenzake wakiangua kicheko kimoja baada ya kingine, kama milango inayofunguka.

Milimita hakucheka. Alikuwa ameshika magoti. "Kwa hiyo ni hilo tu? Ni mzima?"

Hapo daktari akaacha kucheka, na nilimheshimu kwa jinsi alivyoacha.

"Sijasema hivyo. Hilo linaweza kupandisha kipimo, lakini kidogo. Haliwezi kubeba mzigo wote huu. Niambie, mkojo ukoje?"

Shemeji yangu akaanza kusema chai. Nikamkanyaga mguu.

"Unauma," akasema. "Unachoma. Na unakuja kila mara. Na juzi nilikuwa na homa."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kipimo."

"Na hukumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeniuliza hivyo ulivyouliza."

Daktari akavaa glavu. Safari hii nilitoka bila kuombwa. Nilipoitwa tena, Milimita alikuwa amesimama wima, hatua zake ndogondogo, kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani.

"Usiniulize," akasema.

"Sijauliza."

"Uso wako unauliza."

Daktari akatueleza bila kuzungusha. Tezi ilikuwa imevimba na inauma ikiguswa, na hilo lilimfanya afikirie maambukizi. Wangepima mkojo, angempa dawa, ameze zote mpaka ziishe, kisha wangoje wiki kadhaa ndipo warudie damu. "Sikuahidi kitu. Inaweza kuwa maambukizi. Inaweza kuwa lile lililomchukua mzee wako. Leo mimi sijui, na wewe hujui. Ila kama ndilo, umelikuta likiwa bado mlangoni. Mzee wako hakupata bahati hiyo." Akavua glavu. "Sasa nenda ukamwambie mama."

"Yupi?" nikauliza mimi.

"Wote wawili," daktari akasema.

*

Dada alipoambiwa alicheka kwanza, kwa sababu Milimita alianza na habari ya kabati. Kisha alipofika kwenye sita nukta nane, kicheko kikabaki usoni bila mwenyewe. Akamvutia kwake kichwa, na mimi nikakumbuka nina kazi nje.

Kwa mama ilikuwa mlima. Alipangua kwenda mara mbili. Mara gundi haijakauka, mara mteja atakuja. Mwishowe nilimwambia kama haendi, naenda mimi, na nitaisimulia kwa mtindo wangu. Akachukua baiskeli yake. Akaisukuma, kwa mazoea.

Mama alikuwa ukumbini kwake, anashona kifungo kwenye shati la mjukuu. Hakutukaribisha kwa maneno. Alisogeza tu kikapu cha nyuzi ili tupate pa kukaa. Milimita akasema shikamoo. Mama akakata uzi kwa meno.

"Nilizaa mtoto," akasema, "siku hizi kawa nguo. Anatundikwa kabatini."

Milimita akanigeukia. "Umemwambia?"

"Sijasema neno!"

"Nani aniambie? Vidole vilikuwa pale kwenye polishi. Vitatu vizima na kimoja nusu." Akamshika mwanawe mkono, akauinua nione, kana kwamba sijui, kile kidole cha shahada ambacho msumeno ulikila ncha alipokuwa anajifunza kazi. "Nilikifunga mimi kidole hiki. Nisikijue?"

Kumbe polishi yangu haikuwa na kosa. Nilifarijika sana, kisha nikaona haya kufarijika wakati ule.

"Nikakaa pale namngoja atoke," mama akaendelea, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Nikasema, labda ataona aibu, atatoka. Hakutoka. Nikajua basi hiyo kesho ni uongo, ameshapima, ameshaambiwa, na sasa ananikwepa. Kama baba yake. Mzee yule nikimuuliza, anatokea mlango wa nyuma. Nikimfuata mlango wa nyuma, anatokea wa mbele. Mwaka mzima nazunguka nyumba na mume wangu. Siku niliyomkamata alikuwa hawezi tena kutembea."

Akaweka shati chini.

"Sikuogopa ugonjwa, mwanangu. Niliogopa kuanza tena kuzunguka nyumba."

Milimita alilia. Alisema angelia, akalia, na kilio hicho hakukipima wala kukikata, kilikwenda kilivyokwenda. Akamwambia yote, kuchoma, homa, dawa, sita nukta nane, kwamba bado hawajui. Na alipokwisha, kwa kuwa ni mtu wa ukweli kamili, akarudi nyuma akaeleza kwa nini aliingia kabatini: nesi alimwambia asikutane na mama.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akanigeukia mimi.

"Naye akafikiri ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Na kwa mkewe...?"

"Mama, ni dada yangu yule. Nakuomba."

Akaanza kwa mabega. Mabega yakatikisika, kikapu kikatikisika, nyuzi zikabingirika sakafuni. Alicheka huku machozi yanamtoka, na hakuna fundi ambaye angeweza kuyatenganisha machozi ya kitu gani na ya kitu gani. "Mimi nilizaa mtoto," akasema, akipigapiga goti, "au nilizaa futi ya kupimia?"

*

Dawa akazimeza mpaka ya mwisho, kwa saa, sekunde haikupita. Choo cha karakana kikakosa mpangaji. Lakini macho yake yalikuwa bado yanahesabu. Alikuwa akianza mstari anasimama, penseli hewani, na mimi sikumwuliza, maana nilijua mstari ule ulikuwa unaelekea wapi.

Siku ya maandalizi mama alikwenda naye mwenyewe kwa yule binti.

"Mwanangu," akamwambia, "safari hii useme lugha ya seremala. Huyu ukimwachia nafasi, anaijaza."

Binti akavuta pumzi, akafumba macho. "Mke, bibi. Asilale na mke wake. Wa ndoa. Siku mbili."

"Bora."

Dada, ambaye hapendi nusu kazi, akamfungia mumewe nguo kwenye mfuko, akampeleka kwa mama. Siku mbili Milimita akalala chumba alicholala utotoni, miguu imening'inia nje ya kitanda. Safari hii alikutana na mama asubuhi, mchana na jioni, hadi akaomba apunguziwe.

Siku ya majibu tulikwenda wanne. Daktari alipotuona tunapita mlangoni mmoja mmoja, akaongeza viti. Mama aliketi karibu na mlango. Baadaye alisema ni mazoea tu, lakini mimi naamini alikuwa anauziba.

Daktari akaivuta miwani kutoka kwenye paji. "Moja nukta tisa."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mmoja. Milimita alifumba macho, midomo ikimcheza, anatoa hesabu. "Ndani ya mbili na nusu," akasema. "Na nafasi ya nukta sita. Hata droo inafunguka vizuri kwa nafasi hiyo."

"Ni maambukizi yaliyokuwa yameipandisha," daktari akasema. "Lakini kwa habari ya mzee wako, sikuachii hivi hivi. Utakuja kila mwaka. Na ukisikia unachoma, usisubiri mwaka."

"Kila mwaka tarehe hii?"

"Karibu na tarehe hii."

"Karibu ni siku ngapi?"

"Daktari, mwambie tarehe," mama akasema kutoka mlangoni, "la sivyo hatutoki humu." Kisha akajifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake, na dada akamshika mkono, na kwa muda hakuna aliyetania mtu, hata mimi.

Kabati la mninga nililirudia polishi kabla halijachukuliwa, nikavifuta vile vidole. Nilifanya hivyo kwa shingo upande kidogo, sijui kwa nini. Siku hizi mama hapiti mbele ya karakana bila kuingia. Hanisalimu kwanza mimi, wala hamsalimu mwanawe aliyesimama mbele ya macho yake na penseli sikioni. Anakwenda moja kwa moja kwenye kabati lililopo, likiwa bichi, likiwa kavu, likiwa bado halina hata mgongo, anabisha mlango kwa kifundo cha kidole.

"Hodi humu! Kuna mtu?"

"Niko huku, mama," Milimita anaitika. "Nje."

"Haya," anasema. "Kaa hukohuko."